Pua ya Bi Turkiya

Jumatano moja ya mwezi wa Disemba, asubuhi, Khalaf alikuwa amesimama gatini katika mji wa Sur, kavaa kofia ya nahodha aliyoinunua mtandaoni, anatoa amri. Mkewe Fawziya alikuwa keshakaa ndani ya boti, kajifunika mashuka mawili juu ya sweta, kwa sababu baridi ilikuwa imefika kiwango ambacho Unguja watu hufungua madirisha. Mtoto wao Nizar alikuwa anatafuta mtandao. Amri za Khalaf alikuwa akizitekeleza Mwanamvita peke yake. Alipakia magodoro, mtungi wa gesi, sufuria la biriani, thamosi, gunia la mchele, na kasha la samaki wa kununua sokoni, ili familia iwe na samaki huko inakokwenda kuvua. Mizigo ilipokwisha kupangwa, nafasi iliyobaki ilikuwa juu ya gunia la mchele, na Mwanamvita akakaa hapo.

Walikuwa wanakwenda Khor Jarama, ambako bahari imejipenyeza nchi kavu kwa mlango mwembamba na kutulia ndani. Siku za baridi ndege wanaotoka kaskazini hutua pale kupumzika, heroe kwa makundi, kisha huendelea na safari zao. Familia ya Khalaf nayo hutua pale kila mwaka kupumzika, ingawa haijatoka mbali wala haijachoka.

Kwa gari unafika kabla chai ya thamosi haijapoa. Wadha, dada yake Khalaf, alikuwa akienda kwa gari na mahema kila mwaka, na kila mwaka alikuwa akiwangoja. Lakini Khalaf alishikilia kwamba mtu wa Sharqiyah, mkoa wetu wa mashariki, haifuati bahari kwa barabara. Tuseme kweli mapema: ukoo wa Khalaf ni wa Ibra, mji ambao ukitaka kuiona bahari lazima uulize njia. Wazee wetu wa Ibra walikwenda Unguja wakiwa abiria, wakatapika mpaka Lamu, na wajukuu wao wakarudi kwa ndege. Kwa safari hizo mbili tumejiita mabaharia, na hakuna aliyetukataza. Khalaf alipostaafu wizarani alinunua boti ya faiba yenye mashine mbili, akaipa jina la marehemu babu yake, ambaye alikuwa haogi hata mfereji wa falaji ukijaa.

Mwanamvita alikuwa mtu wa Pangani, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita katika nyumba ile. Aliletwa apike na afagie, lakini Fawziya hakumpendea kupika. Fawziya alitolewa Unguja mdogo, kapakatwa na mamaye, na Kiswahili alikinyonya pamoja na maziwa. Watoto wake aliwasemesha Kiswahili, wakamjibu Kiarabu. Nizar alijitahidi, lakini kwake yeye watu, viti na mabarabara vyote vilikuwa ngeli moja. Siku Mwanamvita alipoingia mlangoni na kusema, "Hodi wenyewe, wa hapa hamjambo," Fawziya alilia mbele za watu. Toka siku hiyo akawa hawezi kunywa chai bila yeye, wala kulala mchana bila kumsimulia jambo. Na kwa kuwa yule wa kabla yake, Kuruthum, alikwenda kwao kumzika mama yake na hakurudi tena, Fawziya alijifunza kuogopa viwanja vya ndege.

Sasa Mwanamvita alikuwa na jambo. Binti yake wa pekee, Rehana, alikuwa anaolewa Pangani Ijumaa ya wiki ya pili, na alitaka kuwapo. Aliomba ruhusa mwezi wa Ramadhani, akaambiwa inshallah. Aliomba tena baada ya Idi, akaambiwa inshallah ile ndefu, inayovutwa mwishoni. Kwetu inshallah fupi ni pengine, na ndefu ni hapana ya mtu mwenye adabu. Mwanamvita kwa miaka sita alikuwa keshazijua zote mbili. Paspoti yake ilikuwa kwenye mkoba wa Fawziya, ule wa ngozi, usiomtoka mkononi. Watu wengine huwanyang'anya wafanyakazi paspoti. Sisi hatuna tabia hiyo. Sisi tunawawekea.

Wala hatumwiti mtu mtumishi. Neno hilo tuliliacha kule tulikotoka, pamoja na nyumba na mikarafuu, na hatujalidai. Anayetufulia nguo ni dada, ni ndugu, ni mtu wa nyumbani. Tabia hii tunaisifu sana tukikaa wenyewe kwa wenyewe. Ina faida yake pia, maana mtumishi huwa na siku ya kupumzika, lakini ndugu atapumzika kutoka kwa nani?

Boti ilipokuwa inatoka kwenye mlango wa Sur, upande wa mnara wa taa wa Ayjah, boti ya walinzi wa pwani ikawasogelea. Mlinzi mwenyewe alikuwa kijana, jina lake Firas limeshonwa kifuani. Aliwasalimia, akatazama mizigo, akatazama kofia ya Khalaf kwa heshima iliyomgharimu kidogo, kisha akamwonyesha Mwanamvita juu ya gunia.

"Na huyu nani?"

"Huyu dada yangu," alisema Fawziya kwa Kiarabu, kama alivyokuwa akisema kila mahali, dukani, hospitali na harusini.

Nchi kavu maneno hayo hayakuwahi kufanya kitu. Hapo majini yakashika. Pua ya Mwanamvita ikanyanyuka katikati, ikarefuka, ikainamisha ncha kidogo, ikatulia. Ilikuwa pua ya Bi Turkiya, mamake Fawziya, aliyekwishafariki. Hakuna mtu wa umri wa kutosha kutoka Ibra mpaka Nizwa asiyeijua pua ile. Ilitajwa kwenye posa. Kwa bahati mbaya hakuna mtoto wala mjukuu aliyeirithi. Fawziya mwenyewe alichukua ya babake, fupi na pana, na picha zake zote za harusi alipigwa kwa upande.

Firas alitazama mmoja, akatazama wa pili. "Mshabaha upo," akasema, akawapungia mkono wapite.

Mwanamvita alijipapasa. Nizar akampa simu ajitazame kwenye kamera.

"Hii si yangu," alisema Mwanamvita.

"Ya mama," alisema Fawziya. "Itakuwia nzito siku za mwanzo. Yeye akiipaka mafuta ya karafuu ikianza kukauka."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini moyoni aliona wivu, kisha akaona furaha, kisha akashindwa kujua lipi lilitangulia. Khalaf alitaka kutoa hotuba fupi juu ya nasaba, lakini wimbi la kwanza likafika. Akampa Nizar usukani, akainama ubavuni kwa boti, na sehemu kubwa ya safari iliyobaki akaifanya katika hali hiyo, kofia kaishika isianguke.

Milima ikawa inapita upande wa kulia, mikavu, na chini yake barabara ya lami ambayo magari yalikuwa yakiwapita. Mwanamvita akaona ni afadhali aseme kabla Sur haijapotea nyuma.

"Bi Fawziya, ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mkinirudisha leo, ndege naipata."

"Tukirudi, inshallaaah."

"Mkirudi Rehana atakuwa keshaolewa."

"Mwanamvita, ndugu gani huyo anayeomba ruhusa kwa ndugu zake? Wewe si mtu wa kuomba ruhusa."

Nyusi zikaja. Zilikuwa nene, zimekutana katikati, na zilimpa Mwanamvita sura ya mtu anayekagua mchele. Fawziya akazikunjua vizuri kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akimfanyia mamake alipokuwa mgonjwa.

"Naomba usiniite hivyo tena mpaka tufike," alisema Mwanamvita.

"Umetuchoka?"

"Sijawachoka. Uso ndio unakwisha."

Fawziya aliumia. Alisema hayo ni malipo ya mtu aliyempenda mwenzake kama ndugu wa tumbo moja, wakala sahani moja, wakalia msiba mmoja. Kila alichosema alikimaanisha, na hapo ndipo ilipokuwa taabu, kwa sababu kila alichokimaanisha kilichukua kipande. Ukaja mdomo, ikaja shingo, zikaja mvi za pembeni na mikunjo ya macho. Mwanamvita, ambaye alipanda boti akiwa mwanamke wa makamo mwenye uso wa duara na mwanya, sasa alikuwa bibi wa kizazi bora cha Sharqiyah. Vidole tu ndivyo vilivyobaki vyake, vile vyenye kovu la mafuta ya sambusa.

"Kwetu wanasema undugu ni kufaana, si kufanana," alisema. Hata sauti ilikuwa imekwisha kwenda. Ilikuwa ile ya Bi Turkiya, nzito, yenye mkwaruzo wa mtu aliyewahi kuamrisha nyumba ya ghorofa tatu.

Khalaf aliinua kichwa kutoka ubavuni. Alisema huo ni msemo mzuri sana, una hekima, na akamtaka Nizar auandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla haujasahauliwa. Nizar akauandika, akakosea mahali pawili, na ulipofika mtandao ukapata mioyo mingi kutoka Maskati, Dubai na Leicester. Halafu wakaingia khor. Maji yakalala, na heroe waliokuwa wamesimama kwenye kina kifupi wakasogea hatua chache kupisha, bila kuacha kula.

Wadha alikuwa ufukweni, keshasimamisha mahema. Alimwona Mwanamvita anashuka na mtungi wa gesi begani, akaenda moja kwa moja, akamtua mtungi, akambusu kipaji cha uso.

"Umefanana na marehemu," alisema.

"Ilianza na pua," alieleza Fawziya.

"Huanza hivyo."

Wakampa mto wa kuegemea. Wakamtilia kahawa ya kwanza, wakamsogezea halwa na tende. Nizar alipopita mbele yake alijikuta ameinama na kusema shikamoo, akajibiwa marahaba kwa sauti iliyomfanya akae vizuri. Kwa muda wa vikombe vitatu ilikuwa baraza njema. Watu waliulizana juu ya wafu kwa majina, na Mwanamvita, ambaye hakuwajua, alitikisa kichwa mahali panapostahili. Baada ya hapo vikombe vikawa vichafu. Samaki walikuwa hawajaparwa, na mchele haujachaguliwa. Kila mmoja alitazama huku na huku, kama mtu anayengojea taa iwashwe.

"Dada mkubwa ndiye mwenye nyumba," alisema Wadha mwishowe, kwa upole. "Sisi hatuwezi kumwingilia jikoni."

Fawziya akasema hilo ni kweli, mamake alikuwa haruhusu mtu aguse sufuria. Mwanamvita akainuka. Khalaf, ambaye nchi kavu ilikuwa imemrudishia rangi na fikra, akakumbuka jambo lingine: kumlipa dada ni kumtukana. Akaamua kutolizungumza, ili asimvunjie mtu heshima yake mpya.

Zikapita siku namna hiyo. Asubuhi wanaume walitoka kuvua, wakarudi mchana na njaa. Jioni majirani wa mahema mengine walikuja kumwamkia Bi Turkiya, kwa kuwa hilo ndilo jina lililokuwa limeshaanza kumkalia, na yeye aliwapokea akiwa na kisu cha vitunguu mkononi. Walimsifu kwa unyenyekevu wake, mtu wa nasaba ile na bado anapika mwenyewe.

Siku moja baada ya alasiri, ndoa imebaki siku chache, aliweka kisu chini, akaingia hemani.

"Fawziya," alisema.

Fawziya alikuwa kalala. Akainuka, akavaa ushungi, akasimama wima. Katika maisha yake hakuwahi kuisikia sauti ile ikimwita akabaki kalala.

"Labeka, mama."

"Nipe paspoti yangu."

Fawziya alifungua mkoba wa ngozi, akaitoa, akaiweka mkononi mwake. Hakubishana hata kidogo. Mwanamvita alishukuru, akatoka nje, akaanza kufunga nguo zake, na kama angekuwa na gari jambo lingeishia hapo. Lakini ilibidi amwombe Khalaf ampeleke Maskati. Khalaf, aliyefanya kazi wizarani maisha yake yote, aliifungua ile paspoti, akaitazama picha, akamtazama yeye.

"Huyu si wewe," alisema.

Kwenye picha alikuwapo mwanamke wa Pangani, uso wa duara, mwanya, na wasiwasi wa mtu aliyeambiwa asicheke. Nizar alithibitisha kwamba uwanjani wana mashine za nyuso. Wadha akasema watamfunga bure. Wote wakasikitika, wakasikitika kweli, na chini ya masikitiko hayo, lazima tuliseme, sote tulipumua. Kumbe si sisi tunaomzuia. Ni pua.

"Dawa ipo," alisema Mwanamvita. "Tutoke na boti, twende palepale tulipokutana na yule kijana. Bi Fawziya aseme mimi ni nani."

"Niseme nini?"

"Sema mtumishi wenu. Sema mimi si ndugu yenu, mimi mtu wa kazi mnayemwekea paspoti mkobani. Maji yalisikia lile, yatasikia na hili. Uso wangu utarudi."

Khalaf alikohoa, akasema bahari haijakaa vizuri wiki hii. Wadha aliuliza kama inafaa mtu aikane damu yake hadharani, mbele ya askari. Nizar aliulizwa kama angeweza kusema yeye badala ya mamake. Akasema Kiswahili chake hakitoshi, na kwa Kiarabu neno lenyewe ni aibu.

"Hatukulelewa hivyo," alisema Fawziya. "Mtu nimekaa naye miaka sita nimwite mtumishi? Mdomo utakataa."

"Mdomo wako au roho yako?"

Fawziya akaanza kulia. "Nilimzika mama mara moja," alisema. "Sasa unataka nimfute kwa ulimi wangu mwenyewe. Nakuona asubuhi unachuja chai, namwona yeye. Nitaliwezaje hilo?"

"Mama yako alishakufa, Bi Fawziya. Binti yangu yuko hai, na anaolewa Ijumaa."

Fawziya alimkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu, akaulaza uso wake wenye pua fupi juu ya bega la mamake, akalia mpaka ushungi ukalowa, na Mwanamvita, kwa mikono ya kovu, ikabidi amnyamazishe. Hakuna aliyekuwa na ubaya wowote. Khalaf, alipoona wamekumbatiana, alifahamu kwamba wamepatana, akairudisha paspoti mkobani isije ikaingia mchanga.

Ijumaa ikafika. Watu walirudi kutoka kuswali, wakala nguru wa kukaanga na wali wa nazi, wakajilaza. Sehemu pekee yenye mtandao ilikuwa kwenye tuta la mchanga nyuma ya mahema, na Mwanamvita alipanda huko, ushungi kaurudisha nyuma ili uso uonekane vizuri, kwa mazoea tu. Simu ikaita. Pangani ikatokea: turubai, wanawake wa kanga sare, masufuria, na Rehana katikati, kapambwa piko mpaka viwikoni.

Rehana alitazama. Akajiweka sawa, kama mtoto aliyelelewa vizuri anapokutana na mtu mzima asiyemjua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani bibi, naomba kuzungumza na mama. Shehe keshafika."

"Rehana, ni mimi. Mimi ndiye mama yako."

Rehana alitabasamu. Hakutaka kumvunjia heshima bibi wa watu, na hasa tajiri wa mamake. "Naam, bibi," alisema. "Nyote ni mama zetu. Mama hutuambia kila siku mnavyomweka kama ndugu. Ila huyu aliyenizaa, yupo?"

Mwanamvita alijaribu kutafuta kitu cha kumwonyesha. Aliinua mkono wenye kovu mbele ya kamera, lakini picha ilikuwa inakatika, na mkono haukufika. Nyuma yake, chini ya tuta, sahani za mchana zilikuwa bado ziko mkekani.

"Yupo," alisema kwa sauti ya Bi Turkiya. "Anaosha vyombo."

"Basi tunamsubiri," alisema Rehana. "Mwambie asikimbie, sisi tupo tu." Akaiegemeza simu kwenye birika, ikielekea kwake, akakaa na mikono yake juu ya magoti piko lisiharibike. Shehe aliuliza jambo. Akajibiwa kwamba mama wa bibi harusi anakuja sasa hivi.

Mwanamvita aliisimamisha simu yake mchangani, ili na huku mtu akitokea aonekane. Kisha akashuka tutani, akakusanya sahani, akakaa kitako kando ya ndoo, akaanza kuziosha moja moja, asije akawa amemdanganya mtoto siku ya ndoa yake.